Kikapu cha Simu

Siku ya koito ya wifi yangu Joan, baba mkwe wangu, Mzee Kipkurui, alisimama mlangoni na kikapu cha kuchumia chai, akamwambia kila mtu wa upande wetu atie simu yake ndani kabla ya kukaa.

"Hata mimi, Baba?" aliuliza mume wangu, Alexander.

"Wewe ndiyo wa kwanza."

Hakuwa anatania. Koito ni mazungumzo ya mahari. Kabla wageni hawajafika, watu wa msichana hukaa peke yao na kukubaliana ng'ombe watakaowataja, na wale watakaowakubali baada ya kusukumana. Dada mkubwa wa Joan alipoolewa, mtu wa kwetu aliwaandikia wageni ujumbe wakiwa bado njiani. Waliingia, wakanywa maziwa ya mursik, wakataja hesabu ile ile ya mwisho tuliyokuwa tumeificha, wala hawakuongeza hata ndama. Mzee hakujua ni nani aliyesema. Jambo hilo lilikaa naye miaka yote, na sasa alikuwa ameona dawa yake.

Simu zikaingia kikapuni moja moja. Senge Drusilla, dada yake Mzee na shangazi wa Alexander, aliifunga yake kwenye leso kwanza ili zingine zisiikwaruze. Kimeli, mdogo wake Alexander, alikuwa wa mwisho. Aliishika simu yake kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani.

"Na nikipigiwa?"

"Watu walikuwa wanaoa kabla ya hiyo kitu," Mzee alisema. "Weka."

Wiki hiyo hatukuwa na stima, kwa sababu transfoma ilikuwa imepigwa na radi. Nusu ya simu zile zilikuwa karibu kuzima. Jirani yetu Bonareri alikuwa jikoni nami tangu asubuhi, akikaanga kuku. Yeye ni Mkisii. Alikuja huku akiwa msichana, kuchuma chai katika shamba kubwa la kampuni, na hapo akazaa binti yake Nyabate. Mashine za kuvuna chai zilipoletwa, wachumaji wengi waliambiwa waende nyumbani, naye alikuwa mmoja wao. Hakurudi kwao. Alikodi chumba pale njia panda, mkabala na ua wa shamba lile lile, akaweka sola, akaanza kuchaji simu za watu.

"Si nizipeleke kwa duka?" alisema. "Zitarudi jioni zikiwa zimeshiba."

Mzee alifurahi. Simu zitakuwa mbali kabisa, hata mtu akisingizia kwenda choo hatazipata. Bonareri akaweka kikapu mgongoni, kamba ikapita kichwani, akashuka kilima kama mtu anayepeleka majani kupimwa.

Hayo ndiyo yote tuliyofanya.

Alasiri, tukiwa bado tunabishana na wageni, moshi mweusi ulipanda upande wa njia panda. Vijana walikuwa wameingia shambani na kuchoma mashine moja ya kuvuna chai. Sisi tulipata habari hiyo kutoka kwa wageni, ambao walikuwa na simu zao. Jioni Bonareri alirudisha kikapu. Alisema alisikia kelele, akafunga mlango wa duka kwa ndani, akakaa chini kati ya simu zetu mpaka kukanyamaza.

"Zilikuwa zinalia tu," alisema. "Hii inaita, hiyo inaita. Nilikuwa nataka kuziambia nyamazeni, tutapatikana."

Tulicheka sana.

Alexander alikufa mwaka jana, mvua ndefu ikianza. Alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza kanisani, aliuliza kwenye senta ya kupimia majani ya chai, na hata hospitalini, akiwa hawezi kuketi, alimwuliza nesi maji ya dripu yanajuaje kuteremka polepole. Watu wanakumbuka mazishi yake kwa sababu ya matope. Mimi ningependa akumbukwe kwa maswali ya ule mwaka Kimeli alipokamatwa, kwa hiyo nayaweka hapa kabla sijayasahau.

Kimeli alikamatwa kwenye senta ya majani, mchana, watu wakiwa kwenye foleni. Kazi yake ilikuwa kubebea wakulima majani kwa pikipiki. Wanaume wawili waliovaa nguo za kawaida walishuka kwenye landikruza, wakamwita kwa majina yake yote matatu, wakamfunga pingu. Mmoja alimwonyesha simu na kumwuliza kama maneno yale ni yake.

Yalikuwa yake. Kabla ya moto alikuwa ameandika kwenye Facebook kwamba mashine haina mtoto wa kulipiwa karo. Siku iliyofuata moto aliweka picha ya mashine iliyoungua na kuandika, "Pole yake." Watu wengi waliweka vicheko chini yake. Nami niliweka.

Alexander na Mzee walienda kituoni siku hiyo hiyo. Afisa aliyewapokea alikuwa mtu mzima, mpole, hakupaza sauti. Aliwaambia Kimeli anashikiliwa chini ya sheria ya kuzuia ugaidi.

"Gaidi?" Mzee aliuliza. "Huyu anayeogopa ng'ombe wangu?"

"Mzee, kuchoma mali ili kutisha watu, sheria inaweza kuita hivyo. Si mimi niliiandika."

"Mmejuaje alikuwa pale?" Alexander aliuliza.

"Busta ya njia panda iliona simu yake."

Busta ni ule mnara wa simu ulioko juu ya mteremko. Tulikuwa tumezoea kuutazama tu tukikosa mtandao.

"Na si yake pekee," afisa aliendelea. "Simu za jamaa yenu zote zilikuwa hapo pamoja, tangu mchana hadi jioni. Ya baba yako. Ya shangazi yako. Yako pia. Sasa niambie nyinyi, huo mkutano ulikuwa wa nini?"

Alexander aliniambia baadaye kwamba alitaka kucheka, kwa sababu jibu lilikuwa rahisi mno.

"Hakukuwa na mkutano. Zilikuwa kwa kikapu. Sisi tulikuwa nyumbani, tuna koito. Uliza wageni."

"Wageni ni mashemeji zenu. Watasema nini kingine? Na kikapu kina miguu?"

"Hapana."

"Basi nani alikibeba?"

Hapo Alexander alifunga mdomo. Mzee naye alitazama ukuta.

Alipofika nyumbani alinieleza kila kitu, na mimi nikamwuliza kwa nini hakumtaja Bonareri. Alivua viatu kwanza.

"Fikiria ningesema," alisema. "Mwanamke, hana mume. Alifutwa kazi kwa sababu ya mashine. Duka lake linatazama mahali mashine ilichomwa. Na siku hiyo alikuwa amejifungia ndani na simu za watu wengi. Wewe ukiwa afisa, utamwacha?"

"Lakini hakufanya kitu."

"Hata Kimeli hakufanya kitu. Na Bonareri watamwuliza jambo moja zaidi: nani alichoma. Anakaa pale pale. Akitaja mtu, atalala wapi?"

Kimeli alipelekwa Nairobi. Mahakama huko ilikubali ashikiliwe wakati wapelelezi wakiendelea na kazi. Simu zetu nazo zilikuwa kwenye karatasi zile zile, kwa hiyo kila landikruza iliyopita barabarani ilitufanya tusimame kutazama itaingia wapi.

Grupu letu la ukoo kwenye WhatsApp lilibadilika. Lilikuwa mahali pa kugombana juu ya bei ya majani, siasa na nani alikula mchango wa nani. Sasa kila mtu aliandika zaburi. Asubuhi Mungu ni mwema, jioni Mungu ni mwema. Ni Mzee pekee ambaye hakuweza kuandika kwa vidole vyake, naye aliendelea kutuma sauti kama zamani, ila alikuwa na salamu mpya.

"Habari zenu watoto. Na wewe kijana wa serikali unayenisikiliza, habari yako pia. Hapa mvua imenyesha. Sijui huko kwenu."

Senge Drusilla alimpigia akamwomba aache. Mzee akamjibu kwamba ni adabu mbaya kukaa nyumba moja na mtu bila kumsalimia.

Alexander alikuwa na wasiwasi, lakini juu ya wasiwasi huo alikuwa na kiu ya kujua. Simu iliyolala kikapuni, ambayo hakuna mtu anayeongea nayo, inajulikanaje iko wapi? Aliniuliza mimi, nikasema sijui. Alimwuliza mchungaji, akaambiwa aombe. Siku ya soko alienda Roret kwa Phelix, anayetengeneza simu kwenye kibanda kando ya duka la mbolea, nami niliandamana naye.

"Simu ni kama mtoto wa nasari," Phelix alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwa kioo alichokuwa akibandika. "Kila mara inaambia busta, niko mwalimu, niko mwalimu. Hata kama hakuna mtu ameiuliza."

"Hata ikiwa inachajiwa?"

"Hata ukiilalia."

"Na busta inaandika?"

"Inaandika."

"Inaandika mpaka lini? Ya mwaka juzi bado iko?"

Phelix aliacha kazi. Alitazama barabarani, kisha akainama karibu.

"Mzee, wewe si ndugu ya yule kijana? Sasa hayo maswali, mimi nimekujibu juu ya vile unanunuanga hapa. Lakini usiende kuandika hiyo kitu kwa Google. Hata kuuliza inaandikwa."

"Kuuliza ni makosa?"

"Hata hilo usiulize."

Njiani Alexander alicheka peke yake. Baadaye hakucheka tena. Usiku ule alikuwa ameshika simu, akaanza kuandika swali, akafuta. Akaandika, akafuta. Nilikuwa nimeolewa naye miaka mingi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiogopa kuuliza. Niliona jambo hilo baya kuliko pingu za Kimeli, ingawa sikusema.

Alichofanya badala yake ni kutembea. Kwa siku kadhaa, akimaliza kukama, alichukua simu akapanda hadi chini ya busta, akashuka hadi mtoni, akaenda hadi kona ya shamba la kampuni, akihesabu vile vijiti vya mtandao. Kila mahali alinipigia.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Uko wapi?"

"Hilo ndilo nataka kujua kama wao wanaweza kujua."

Majirani waliniuliza kama mume wangu ni mgonjwa.

Kimeli alipata wakili kupitia shirika moja linalotetea watu bila malipo. Jina lake ni Janeffer, msichana mdogo aliyevaa raba kwa sababu ya kupanda ngazi za mahakama. Alikuja Kericho tukakutana naye hotelini, tukaagiza chai. Alituomba tuzime simu na kuziacha kwa mwenye hoteli. Mzee alitabasamu kidogo, akatoa yake.

Alexander alikuwa amebeba swali lake moja.

"Hiyo karatasi ya busta, inaandika mahali tu? Ama inaandika pia mtu akipigiwa asishike?"

"Inaandika yote," Janeffer alisema. Kisha aliweka kikombe chini. "Hebu nieleze kwa nini unauliza."

"Kwa sababu Bonareri," aliteleza, akasita, "mtu fulani alisema zilikuwa zinalia siku nzima. Hakuna hata moja ilishikwa."

Janeffer alifikiri akitazama dirishani. Alisema upande wa mashtaka ulileta mahakamani orodha ya mahali tu. Tukiomba rekodi kamili, itaonyesha simu za ukoo mzima zikipigiwa kuanzia mchana na hakuna mtu anayeshika wala kupiga. Watu wanaopanga uhalifu pamoja hawakai hivyo, wote, kwa wakati mmoja. Hakimu anaweza kuona kwamba simu zilikuwa pale bila wenyewe.

"Basi tuombe," Mzee alisema.

"Ngoja, Mzee. Rekodi kamili maana yake ni kamili. Kila mtu ambaye simu yake ilikuwa ndani ya kikapu atakubali ifunguliwe. Nani alimpigia, yeye alimpigia nani, siku hiyo na siku za karibu. Itakuwa kwa faili ya mahakama. Watu wataisoma. Mimi siwezi kuwaahidi itaishia wapi."

Mzee aligeuka kumtazama mwenye hoteli, aliyekuwa na simu zetu.

"Kuna njia ya pili," Janeffer alisema. "Huyo mtu fulani. Aliyebeba. Aseme mwenyewe kwamba alibeba."

"Sijamwuliza," Alexander alisema.

"Kwa nini?"

"Nikimwuliza, hatakataa."

Mzee aliita ukoo nyumbani Jumamosi. Walikaa kwenye viti vile vile vya siku ya koito, ila safari hii kila mtu alikuwa ameshika simu yake mkononi. Alexander alieleza. Alipomaliza, Senge Drusilla alikohoa.

"Simu yangu haina dhambi," alisema. "Lakini ni yangu."

"Ni kwa ajili ya Kimeli, Senge."

"Najua ni Kimeli. Nilimbeba huyo mtoto. Nasema tu, kuna mtu nampigianga, na huyo mtu ana shida zake, amenieleza mimi, hajaeleza korti."

Binamu mmoja alisema hatakubali, wala hatatoa sababu. Mkewe akamtazama, akasema afadhali atoe sababu. Watu wakacheka, binamu akatoka nje. Mwingine akasema mtu asiye na cha kuficha hana cha kuogopa. Mzee akamwuliza basi ni kwa nini alifunga mlango wa choo chake kwa kufuli. Kicheko kikaja tena, lakini hakikukaa.

"Ni mimi nilileta hii," Mzee alisema mwishowe. "Niliogopa mtu mmoja wetu, nikakusanya simu za wote. Sasa na hao wa serikali wamefanya hivyo hivyo. Siwezi kuwalaumu sana bila kujilaumu."

"Wewe ulizirudisha jioni, Baba," Alexander alisema.

Wengine walikubali papo hapo. Wengine waliomba muda wa kufikiri. Alexander hakumlazimisha mtu. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, nikageuka kuchukua chai, nikamwona Bonareri. Alikuwa ameleta maziwa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, mtungi bado mkononi.

"Kikapu gani, Mama Chelangat?" aliniuliza.

Sikuweza kumdanganya. Nilimweleza pale pale jikoni, kwa sauti ndogo: simu zilionekana kwenye njia panda, Kimeli yuko ndani kwa sababu ya hizo, na Alexander alikataa kusema nani alizibeba. Aliweka mtungi chini polepole. Kisha akaingia sebuleni, mahali ambapo kwa kawaida hakuingia ukoo ukikaa.

"Hamjambo," alisema. "Nimesikia ni mimi nimefunga Kimeli."

"Hapana," Alexander alisema, akisimama. "Keti, Mama Nyabate."

"Siketi. Nyinyi mmejua tangu lini?"

Alitutazama mmoja mmoja.

"Mkifiwa nalia na nyinyi. Harusi napika. Huyu Kimeli mwenyewe amekula kwangu mara ngapi. Na hii mkanificha kama mgeni wa jana."

"Hatukukuficha," Alexander alisema. "Tulikuwa tunakukinga."

"Ni nani alikuomba?" Alisema bila kupaza sauti. "Sasa mnataka kufungua nyumba zenu zote, hata ya huyu mama," akamwonyesha Senge kwa kidevu, "na mlango ni mmoja, ni wangu. Si mngeniuliza tu? Baba Chelangat, wewe unauliza hata mbuzi amelala aje. Mimi hukuniuliza."

Mume wangu alirudi kwenye kiti chake. Alikaa chini.

"Watakuuliza uliona nani," alisema baadaye.

"Nitasema nilifunga mlango. Si nilifunga?"

"Watakuuliza kwa nini ulifunga."

"Kwani wewe ungefungua?"

Senge Drusilla alisogea kwenye benchi, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja. Bonareri akatazama nafasi hiyo, kisha akakaa.

Alienda Nairobi na Alexander na Janeffer. Mimi sikuwako, najua tu waliyonieleza. Alisema alibeba kikapu, akasema kwa nini, akaeleza alivyofunga mlango na simu zilivyolia. Mwendesha mashtaka alimwuliza kama alifurahi mashine ilipoungua. Janeffer alisimama kupinga, lakini Bonareri alikuwa tayari anajibu. Alisema hakufurahi, kwa sababu mashine ikiungua kampuni hununua nyingine, na mchumaji harudishwi. Hakimu aliandika.

Kimeli aliachiliwa kwa dhamana, na baada ya miezi shtaka la ugaidi likaondolewa. Alirudi amekonda, na hadi leo haandiki kitu kwenye Facebook, hata pole ya msiba. Akifurahishwa na jambo anakuja kutuambia kwa mdomo.

Lakini mlango wa Bonareri ulibaki wazi, kama Alexander alivyohofia. Hakushtakiwa. Walichukua simu yake kwa uchunguzi, na wakamwambia awe akiripoti kituoni kila Jumatatu, kwa sababu alikuwa mtu wa mwisho kuonekana karibu na moto. Hawakusema mpaka lini. Vijana wa njia panda waliacha kuchaji kwake kwa muda, wakidhani ametaja majina. Walipoona hakuna aliyekamatwa, walirudi mmoja mmoja, bila kusema neno.

Alexander aliandamana naye kila Jumatatu. Sikumwomba, wala Bonareri hakumwomba. Walitoka asubuhi baada ya kukama, na alasiri alinieleza alichouliza siku hiyo, kwa maana alikuwa ameamua kwamba ikiwa ni lazima waende, basi wasirudi bure. Jumatatu moja aliuliza wakishasoma simu ya mtu, yale waliyoyasoma wanayapeleka wapi. Jumatatu nyingine aliuliza kama anayesikiliza naye husikilizwa. Aliuliza kama mtu anaweza kwenda kusoma kilichoandikwa juu yake, kama anavyosoma risiti ya majani. Kila mara afisa wa mezani alimjibu, "Hayo ni ya serikali, Mzee," na kumsukumia Bonareri kitabu atie sahihi. Janeffer naye aliandika barua, akajibiwa kwamba uchunguzi unaendelea.

"Unapata faida gani?" nilimwuliza mara moja.

"Nataka tu wazoee kuulizwa," alisema.

Aliugua, tukamzika. Jumatatu ya kwanza baada ya mazishi nilisikia hatua za Bonareri zikipita nje ya ua. Hakuita, akidhani nimelala. Nilivaa koti la Alexander, kwa sababu langu lilikuwa na maji, nikamfuata.

Afisa wa mezani alikuwa yule yule niliyesimuliwa, kijana mwenye kovu kwenye kidevu. Alitazama nyuma yetu mlangoni.

"Leo mzee wa maswali amewaacha?"

Bonareri aliinamisha kichwa.

"Tulimzika Ijumaa," nilisema. "Mimi ni mke wake."

Alivua kofia, akaiweka mezani.

"Pole sana, mama. Alikuwa ananisumbua vizuri."

Alimpa Bonareri kalamu, naye akatia sahihi. Tuligeuka kwenda. Kisha nikaona siwezi kutoka hivyo.

"Afande, ile orodha ya simu za siku ya moto bado iko?"

"Iko."

"Na ya Alexander iko ndani?"

"Zote ziko."

"Mtu akikufa, inafutwa?"

Alifungua mdomo. Nilijua atakachosema, kwa sababu nilikuwa nimesimuliwa jibu hilo Jumatatu nyingi. Lakini aliigeuza kofia yake pale mezani.

"Sijui," alisema.

"Nani anajua?"

"Hata hiyo sijui, mama. Nitauliza wakubwa."

"Sawa, tutakuja Jumatatu," Bonareri alimwambia, akifunga leso yake vizuri. "Mimi ni lazima nikuje. Huyu atakuja kwa kupenda."